Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukusanya takwimu za ushirikiano wa maendeleo, Mombasa na Pwani

Ukurasa huu ni wa wale watakaoombwa takwimu: maafisa wa mipango na fedha wa kaunti, wahasibu wa mashirika, viongozi wa vikundi vya mitaani, vyama vya wafanyakazi na wafanyabiashara. Maswali ni yale tunayoulizwa vikaoni na kwa simu. Mengine yana jibu la mistari miwili. Pale ambapo watu hukwama tumeeleza kwa urefu.

Ufuatiliaji huu ni wa nini hasa?

Serikali za nje, benki za maendeleo na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wanaoitwa washirika wa maendeleo, huleta fedha nchini, nyingine ruzuku, nyingine mkopo. Ufuatiliaji huu hauhesabu madarasa yaliyojengwa wala visima vilivyochimbwa. Unaangalia mwenendo wa fedha zenyewe. Zilifuata mipango ya nchi au ya mfadhili? Zilifika wakati ulioahidiwa? Bunge liliziona kwenye bajeti? Zilipita katika mifumo ya serikali ya malipo, zabuni na ukaguzi, au ziliundiwa mifumo yake ya pembeni?

Mambo haya yalianza kupimwa rasmi baada ya Azimio la Paris la 2005, makubaliano ya wafadhili na nchi zinazopokea misaada kuhusu kuiboresha. Malengo yaliwekwa ya kufikiwa ifikapo 2010, na hesabu ilipofanywa, kati ya malengo 13 lilifikiwa moja tu. Baada ya mkutano wa Accra wa 2008, nchi zilikutana Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2011, zikakubaliana kanuni nne: nchi kumiliki maendeleo yake, kuzingatia matokeo, kushirikisha wote, na uwazi pamoja na kuwajibikiana. Kutokana na makubaliano hayo kukaundwa Ubia wa Kimataifa wa Ushirikiano wa Maendeleo Wenye Tija. Awamu ya kwanza ya kukusanya takwimu, 2013 hadi 2014, ilikuwa na nchi 46. Iliyofuata ilikuwa na nchi 81, na ya 2018 nchi 86. Kenya ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa ubia huo katika jumba la KICC, Nairobi, mwishoni mwa 2016. Awamu ya nne, ya 2023 hadi 2026, ilizinduliwa kwenye mkutano wa Geneva wa Desemba 2022.

Anayeona haya ni makaratasi tu aangalie jambo moja. Katika awamu ya 2016, asilimia 66 ya fedha za washirika zilizolengwa kwa sekta ya umma zilikuwa zimeandikwa katika bajeti zilizopitishwa na mabunge. Kufikia 2018 zilikuwa asilimia 61. Maana yake wawakilishi waliochaguliwa na wananchi walikuwa wanaona sehemu ndogo zaidi ya fedha hizo kuliko miaka miwili nyuma. Bila mtu kuketi na kuhesabu, jambo hilo lisingejulikana.

Nani anaongoza kazi hii?

Serikali ya nchi yenyewe. Inateua mratibu wa kitaifa, kwa kawaida kutoka wizara inayoshika fedha au mipango. Nchini Kenya misaada na mikopo ya nje iko chini ya Hazina ya Kitaifa. Mratibu hukusanya majibu kutoka idara za serikali, washirika wa maendeleo, mashirika ya kiraia, wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi, akayahakiki pamoja nao, kisha akayatuma kwa timu ya pamoja ya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) na UNDP (Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa). Timu hiyo husaidia na kukagua, lakini haijibu kwa niaba ya nchi.

Fomu zinajazwa Nairobi. Mombasa inaingilia wapi?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na anayeuliza mara nyingi ameudhika. Ana haki.

Takwimu inayotumwa ni ya nchi nzima. Kila mshirika wa maendeleo huwa na mstari wake, na ndani ya mstari huo mradi wa Jomvu na mradi wa Turkana humezwa pamoja. Hutaona neno Mombasa kwenye jedwali la mwisho. Lakini ushahidi wa mstari ule uko wapi? Stakabadhi ya benki iko kwa mhasibu wa shirika lililo Kisauni. Kumbukumbu za kikao kilichopitisha mradi ziko kwa msimamizi wa wadi. Anayejua kwamba zabuni ilitangazwa na ofisi ya mfadhili badala ya kaunti ni afisa wa ununuzi wa kaunti. Afisa wa Nairobi ana mkataba na ahadi. Yaliyotendeka baada ya saini yako huku.

Kwa hiyo tunasisitiza mambo mawili. Kaunti iwe na daftari lake la fedha za nje, hata kama ni jedwali la Excel lenye safu chache: nani ametoa, nani amepokea, kiasi, tarehe ya kutoka, tarehe ya kuingia, imepitia mfumo gani, na karatasi ya ushahidi iko faili gani. Pili, daftari hilo lifike kwa mratibu wa kitaifa kabla takwimu hazijafungwa. Zikishafungwa, marekebisho ya Pwani hayana pa kuingilia mpaka awamu nyingine.

Ni viashiria gani hasa vinatugusa?

Viashiria ni vipimo vya ufuatiliaji huu. Vyote vina uhusiano na kaunti, ila vinne ndivyo vinavyotuletea kazi.

Cha kwanza ni kutabirika kwa fedha. Mshirika alisema ataleta kiasi fulani mwaka huu wa fedha, akaleta kiasi gani? Na je, amewaonyesha makadirio ya mwaka mmoja, miwili na mitatu ijayo? Kaunti inayoandika mpango wake wa miaka mitano bila makadirio hayo inaandika matumaini.

Cha pili ni fedha kuonekana kwenye bajeti. Kwa kaunti zetu hapa pana kizingiti: ruzuku na mikopo ya nje inayokwenda kaunti kupitia serikali ya kitaifa huhitaji sheria ya mgao wa ziada kupitishwa. Mswada ukikwama kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa, fedha hulala Nairobi huku zahanati ikisubiri. Katika hali hiyo mshirika anaweza kuwa ametimiza ahadi na kaunti isiwe imepokea kitu. Andika tarehe zote mbili, ili ijulikane ucheleweshaji ulikuwa wa nani.

Cha tatu ni kutumia mifumo ya nchi, nacho kina sehemu nne: utekelezaji wa bajeti, taarifa za fedha, ukaguzi na zabuni. Kila moja hujibiwa peke yake. Mradi unaweza kukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huku zabuni zake zikifuata kanuni za mfadhili. Usiseme tu "umetumia mfumo wa serikali."

Cha nne ni mazingira ya mashirika ya kiraia. Hicho tumekieleza chini, kwenye swali la woga.

Takwimu zetu na za mfadhili hazilingani. Nani yuko sahihi?

Mara nyingi wote wawili. Chukua mfano wa kubuni. Ubalozi wa nchi moja ya Ulaya unasema mwaka 2023 ulitoa euro 300,000 kwa mradi wa afya Likoni. Vitabu vya shirika la Likoni vinaonyesha euro 180,000. Watu wanaanza kutazamana vibaya.

Wakiketi na karatasi, inaonekana euro 90,000 zililipa wataalamu walioajiriwa huko Ulaya, fedha ambazo hazikukanyaga benki yoyote ya Mombasa. Euro 30,000 nyingine zilitoka Desemba na kuingia Januari. Jumla inarudi kuwa 300,000, na hakuna aliyedanganya. Lakini sasa tumejua kitu ambacho takwimu moja isingetuambia: karibu theluthi ya fedha za mradi haikufika nchini. Hilo ndilo jambo la kuandika kwenye sehemu ya maelezo, kwa maneno yaliyo wazi.

Tofauti nyingi hutoka kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Japani na Uingereza huanza Aprili. Marekani huanza Oktoba. Ujerumani na Ufaransa hufuata Januari hadi Desemba. Mtu akikwambia "mwaka huu", muulize mwaka upi, uandike tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kisha kuna ubadilishaji wa fedha. Mwaka 2023 ulianza dola ikiuzwa karibu shilingi 123, ukaisha ikiwa karibu 157. Mhasibu aliyetumia kiwango cha Januari na aliyetumia cha Desemba watapishana kwa zaidi ya robo, kwa fedha zilezile. Hifadhi kiasi katika sarafu iliyotumwa, andika kiwango ulichotumia na tarehe yake. Usibadilishe mara mbili, kutoka euro hadi shilingi kisha hadi dola, kwa sababu kosa hukua kila hatua.

Ushauri wetu ni huu: msitume takwimu mbili mkitarajia mratibu achague. Mtoaji na mpokeaji wakutane, hata kwa saa mbili, kila mmoja na taarifa ya benki mkononi. Wakikubaliana, wasaini. Wasipokubaliana, waandike tofauti ni kiasi gani na inatokana na nini. Tofauti iliyoelezwa ina thamani kubwa kuliko mapatano ya kulazimishana.

Fedha zilezile zimepita mikono mitatu. Nani aziandike?

Ubalozi unaipa taasisi ya Umoja wa Mataifa, taasisi inalipa shirika la Nairobi, shirika linakipa kikundi cha Changamwe. Kila mmoja akiripoti, shilingi moja imekuwa tatu. Katika takwimu za nchi, anayeripoti ni mshirika rasmi wa maendeleo aliyefanya malipo ya mwisho kwenda kwa mtekelezaji. Katika mfano huu ni taasisi ya Umoja wa Mataifa. Ubalozi huzitaja fedha hizo bila kuzijumlisha. Kikundi cha Changamwe bado kina kazi: kuandika ni kiasi gani kilifika chini. Kwenye daftari la kaunti weka safu ya "zimetoka kwa nani" na "asili yake kwa nani". Safu hizo mbili zinatosha kugundua marudio.

Mradi uko Kwale lakini maji ni ya Mombasa. Uandikwe wapi?

Bwawa la Mwache ndilo mfano unaotajwa kila mara: liko Kwale, linafadhiliwa na Benki ya Dunia, na maji yake yamekusudiwa Mombasa na Kwale. Wala si jambo geni. Maji tunayokunywa mjini tangu zamani hutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi na Marere kule Kwale.

Kwenye takwimu ya nchi swali hili halisumbui, kwa sababu fedha huhesabiwa mara moja tu. Linasumbua kwenye madaftari ya kaunti. Tunapendekeza kiasi kiandikwe kwenye kaunti mradi ulipo, na kaunti inayonufaika iweke mstari wa maelezo usio na kiasi. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zikikubaliana kanuni moja, tutaweza kujumlisha bila kubishana. Watu waliohamishwa kupisha mradi wako upande mmoja na mabomba yenye maji yako upande mwingine; taarifa nzuri huwataja wote.

Bandari na reli je? Hiyo nayo ni misaada?

Ni ushirikiano wa maendeleo, lakini mwingi ni mikopo ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo kaunti haiiandiki kama mapato yake. Awamu ya kwanza ya gati la pili la makontena, iliyoanza kazi 2016, ilijengwa kwa mkopo wa Japani. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwisho wa Mei 2017, ilipata sehemu kubwa ya fedha kutoka benki ya Exim ya China kwa mikopo miwili ya 2014, mmoja wa masharti nafuu na mwingine wa kibiashara. Ni vizuri kuitenganisha mikopo hiyo kila inapotajwa, maana anayelipa ni mwananchi na gharama zake hazifanani.

China haiko katika fungu moja na wafadhili wa OECD. Huko Busan ilikubaliwa kwamba nchi za Kusini, yaani zinazoendelea, zinazosaidiana, China ikiwemo, zichukue kanuni zile nne kwa hiari. Zikitoa takwimu, zipokewe. Zisipotoa, mratibu anaweza kutumia taarifa za serikali ya Kenya yenyewe, akitaja chanzo.

Na kwa wanaouliza kama kaunti inaweza kukopa moja kwa moja nje: Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Vyote viwili.

Mfadhili wetu alikatiza fedha katikati ya mwaka. Tuandike sifuri?

Hapana. Mwaka 2025 uliwaacha wengi hapa na swali hili. Januari 20, 2025 serikali ya Marekani iliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limeacha kazi zake na kilichobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Mradi uliokuwa na wahudumu wa kuwafuata wagonjwa majumbani haukupungua pole pole. Ulisimama.

Andika kiasi kilichoahidiwa kwa mwaka ule wa fedha kama kilivyokuwa kwenye mkataba au barua. Andika kilichofika, na tarehe ya malipo ya mwisho. Ambatisha barua ya kusitisha. Kisha, kwenye maelezo, eleza kilichokoma na nani aliziba pengo, kama lipo lililozibwa. Kaunti ikilipa mishahara ya miezi miwili kutoka mfuko wake, hilo liandikwe. Kuandika sifuri pande zote kunafuta ahadi, na ahadi ikifutwa hakuna anayeonekana kuivunja.

Tukisema mfadhili alichelewa, si atatukatia?

Hatutawaambia kwamba woga huo hauna msingi. Shirika lenye wafanyakazi wanne na mkataba mmoja linajua linamtegemea nani, na mwenye shirika akinyamaza kikaoni tunamwelewa.

Ila njia ya kusema bila kujianika ipo. Maswali kuhusu mazingira ya mashirika ya kiraia hayajibiwi na shirika mojamoja. Kuna dodoso moja, na mashirika huchagua wa kuwawakilisha, akakaa na serikali na washirika wa maendeleo. Linauliza mambo manne: kama mashirika yanashirikishwa katika sera, kama yenyewe yanaratibiana na kuwajibika, jinsi washirika wa maendeleo wanavyofanya kazi nayo, na sheria zinazoyaongoza. Hilo la mwisho lina mengi mapya kwetu, kwa kuwa Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, zaidi ya miaka 10 baada ya kupitishwa.

Mkutane kwanza Mombasa peke yenu. Kusanyeni visa, ondoeni majina, mpeni mwakilishi sentensi kama "mashirika 7 kati ya 12 ya Pwani yaliyokutana yalipokea fedha zaidi ya miezi mitatu baada ya tarehe ya mkataba," endapo hiyo ndiyo hesabu mliyopata. Sentensi ya namna hiyo haimtaji mtu, na ni vigumu kuipuuza.

Tunawaomba pia washirika wa maendeleo wanaosoma ukurasa huu wawaambie wanaowafadhili, kwa maandishi, kwamba kujibu kwa ukweli hakutawagharimu. Ni barua ya aya moja. Tungependa kila ofisi iiandike.

Sisi ni kikundi kidogo cha mtaa. Tunahusika?

Mkiwa mmepokea fedha za nje, hata kupitia shirika jingine, ndiyo. Mnachotakiwa kutoa ni kiasi, tarehe na nani aliwapa. Kama fedha ziliingia kwa simu, chapa taarifa ya Paybill au ya laini ya mweka hazina. Hamhitaji kujua viashiria. Fomu ni za Kiingereza, lakini vikao vyetu ni vya Kiswahili na tunawajazia mkiwa mmeketi nasi.

Wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi?

Wanaulizwa kuhusu ubora wa mazungumzo yao na serikali. Ombi letu ni kwamba wajibu wenye biashara ndogo pia, si wakubwa wa bandari na hoteli pekee.

Kuna swali kuhusu wanawake. Kaunti itajibu nini?

Linauliza kama serikali ina mfumo wa kufuatilia fedha zinazotengwa kwa usawa wa kijinsia, na kama mgao huo unatangazwa kwa umma. Ndilo linalolisha kiashiria 5.c.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu; viashiria 17.15.1 na 17.16.1 navyo hutokana na ufuatiliaji huu. Kuwa na idara ya jinsia si jibu. Jibu ni mstari wa bajeti unaoweza kuuonyesha kwa kidole, na ripoti inayosema ulitumikaje.

Tuweke majina ya walionufaika?

Hapana. Hakuna kiashiria kinachoyahitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana. Orodha za wagonjwa zisitoke kabisa kwenye vituo vya afya.

Ofisi ya umma inakataa kutupa takwimu. Tufanyeje?

Anza kwa kuuliza kwa upole na kwa maandishi, ukitaja mradi, mwaka na karatasi unayoitaka. "Tupeni takwimu za wafadhili" ni ombi linalozungushwa kirahisi. Ikishindikana, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Kaunti nazo zimo. Hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakati mwingine karatasi hiyo ndiyo hufungua mlango. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu ni za umma, na zina mengi ambayo watu huenda kuyaomba kwenye madirisha.

Tukishatuma, nini hufuata?

Mratibu husafisha takwimu, anarudisha maswali, kisha huitwa kikao cha uhakiki. Baada ya matokeo kutoka panatakiwa mazungumzo ya nchi kuhusu nini kibadilike, na awamu ya sasa imelitilia mkazo hilo kuliko zilizotangulia.

Maswali yanayorudishwa hupotea sana njiani. Huja kwa barua pepe kwa mtu aliyejaza fomu, naye huenda amehamishwa idara au mkataba wake umeisha. Kwa hiyo kila ofisi itoe majina mawili na anwani ya ofisi, siyo ya mtu binafsi. Na kabla ya kikao cha uhakiki, omba rasimu ya mistari inayowahusu washirika wanaofanya kazi Pwani, uilinganishe na daftari lako mstari kwa mstari, upeleke marekebisho yakiwa na namba ya faili kando ya kila moja.